Mlalamikiwa Anakaa Mtaa Gani?

Nilikuwa nimefuata barua ya utambulisho tu, ile wanayotaka benki, nikakuta benchi la ofisi ya serikali ya mtaa limeshajaa. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja wa bajaji ambaye namjua kwa sura, anapaki pale kijiweni karibu na duka la dawa, ila siku hiyo hakuwa na ile fulana yake ya Simba, alikuwa kavaa shati limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari, mkononi kashika simu na bahasha ya kaki. Mtu akivaa hivyo kwenda kwa mwenyekiti ujue ana kesi.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Haya, una shida gani?"

"Nimefungiwa akaunti."

"Umefungiwa na nani?"

"Na apu."

Mwenyekiti wala hakushtuka. Akafungua lile kaunta buku lake, akaandika tarehe, akaandika Mlalamikaji, akajaza jina la kijana na namba ya simu, akashuka mstari akaandika Mlalamikiwa, akaweka nukta mbili, afu kalamu ikaganda.

"Huyu mlalamikiwa anakaa mtaa gani?"

Benchi zima tukacheka. Kijana hakucheka.

Barua yangu nilipata, nikaenda benki, mambo yakaisha, lakini hilo swali limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, nipo kwenye daladala nalifikiria, napika nalifikiria. Maana ukilitazama vizuri halichekeshi hata kidogo. Ndo swali la kwanza ambalo mtu yeyote anayesuluhisha ugomvi lazima aulize, na yule mzee alikuwa sahihi kabisa kuliuliza.

Kilichokuwa kwenye simu

Kijana alitusomea. Meseji yenyewe fupi, Kiswahili safi kabisa: tumebaini shughuli kwenye akaunti yako zinazokiuka masharti ya matumizi, akaunti imefungwa, uamuzi huu ni wa mwisho. Basi. Hakuna tarehe ya kosa, hakuna safari ipi, hakuna jina la mtu aliyeamua.

Yeye anahisi wamemtuhumu kwa safari hewa, zile ambazo dereva anazunguka na bajaji tupu ili ahesabiwe safari apate bonasi. Anaapa hajawahi. Anasema wiki ile simu yake ililowa mvua, GPS ikawa inaruka, yupo Mbagala yenyewe inamuonesha yupo Temeke. Inawezekana. Inawezekana pia anadanganya, mimi namjua kwa sura tu, siwezi kumuapia. Ila mwenyekiti naye hakuweza kujua, hata angekaa nae mpaka magharibi, kwasababu kila kitu cha kuthibitisha au kukanusha kipo upande wa pili na upande wa pili haujaja.

Bajaji yenyewe ni ya mkataba. Wanaojua mambo ya mkataba wameshaelewa. Tajiri anataka hesabu yake jioni, iwe umefungiwa iwe hujafungiwa, na ukilala siku mbili tatu bila kupeleka anakuja kuchukua chombo chake na zile hela zote ulizolipa mwaka mzima ukitegemea siku moja bajaji iwe yako zinabaki huko huko. Abiria wa kijiweni wapo, lakini kijiwe kina madereva wengi kuliko abiria, ndo maana alijiunga na apu toka mwanzo.

Alishalalamika humo humo ndani ya apu. Anajibiwa "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", akiandika tena anajibiwa hivyo hivyo, akiandika kwa hasira anajibiwa hivyo hivyo.

Na unajua alichoenda kuomba kwa mwenyekiti? Wala hakudai fidia. "Waitwe tu tuongee."

Wito unapelekwa wapi

Kwa mtaani utaratibu tunaujua. Unaandikiwa wito, mjumbe anaupeleka, mwenzako akigoma kuja mara ya kwanza anapelekewa wa pili, asipokuja unapewa barua uende mbele. Mfumo wenyewe una kasoro zake, sitaki kuupamba, kuna wenyeviti wanakula pande zote mbili. Lakini una nguvu moja: aliyekukosea ana mlango, na mlango unagongeka.

Wenzetu Kenya walishafika mahali pa kuruhusu hati za wito zipelekwe hata kwa WhatsApp, kanuni zao za madai zilirekebishwa 2020. Nikasema basi jibu si hilo, kama mtu anakupata kwa simu na wewe mpate kwa simu. Ila WhatsApp inasaidia pale ambapo unamjua mtu, una namba yake, na ile alama ya buluu ikitokea unaweza kumwambia hakimu huyu kasoma. Kampuni ambayo kwako imejitokeza kama meseji tu, meseji ambayo ukiijibu inapokelewa na roboti, hiyo alama ya buluu ni ya nani?

Nikaanza kusoma masharti ya matumizi ya hizi aplikesheni za usafiri, ile kurasa na kurasa ambayo wote tunabonyeza "nakubali" bila kufungua. Huko ndiko nilikokutana na kesi ya Kanada ambayo naona kila dereva wa Afrika Mashariki angepaswa kusimuliwa.

Alikuwepo dereva wa kupeleka chakula Toronto anaitwa David Heller, anafanya kazi kupitia Uber. Akataka kuwashtaki kuhusu haki zake za kazi. Wakamwambia umeshakubali kwenye masharti kwamba ugomvi wowote kati yetu utasuluhishwa kwa usuluhishi wa kimataifa, na sehemu ya kusuluhishia ni Amsterdam, Uholanzi. Ada ya kufungua tu, kabla hujalipa wakili wala nauli, ilikuwa dola za Marekani 14,500, ambayo kwa kipato chake yule bwana ni karibu mshahara wa mwaka.

Dola 14,500. Kwa mtu anayepeleka burger.

Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ikasema mwaka 2020 kwamba hicho kipengele ni batili, kinamnyonya mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kujadiliana wala ya kuelewa anachokubali. Nilivyosoma hapo nikamkumbuka mwenyekiti na kalamu yake. Mlalamikiwa anakaa mtaa gani? Anakaa mtaa wa Uholanzi, mzee, na kugonga mlango ni dola elfu kumi na nne na mia tano.

Sasa Heller alipata mawakili na akafika mpaka mahakama ya juu ya nchi yake. Hilo lenyewe ni bahati. Wangapi walisoma kile kipengele wakafunga simu wakatafuta kazi nyingine?

Kompyuta imesema

Tuseme kwa muujiza fulani mlalamikiwa kaja. Kakaa kwenye lile benchi, katoa kishikwambi chake, kasema mheshimiwa mwenyekiti, mfumo wetu unaonesha huyu bwana alifanya safari hewa tarehe kadhaa, saa kadhaa, hii hapa ramani. Kijana anasema GPS ilikuwa inaruka. Nani ataaminika?

Hapa ndo usingizi uliniruka, kwasababu tayari tuna mfano wa nchi nzima iliyoamini kompyuta kwa zaidi ya miaka kumi.

Posta ya Uingereza kuanzia 1999 iliweka mfumo wa mahesabu unaitwa Horizon, umetengenezwa na Fujitsu. Wale wanaoendesha vituo vidogo vya posta, wengi ni watu wenye duka lao la kawaida na kaunta ya posta pembeni, wakaanza kuona hesabu hazikai. Mfumo unasema zinatakiwa kuwepo pauni elfu kadhaa, kwenye droo hazipo. Mkataba unasema upungufu unalipa wewe. Watu wakachukua akiba, wakakopa ndugu, wakauza nyumba kufidia hela ambayo haikuwahi kupotea. Wakipiga simu kuuliza wanaambiwa wewe peke yako ndo una hili tatizo, ambayo ilikuwa uongo, walikuwa mamia.

Seema Misra aliendesha kituo West Byfleet, huko Surrey. Mfumo ukasema kuna upungufu wa zaidi ya pauni 74,000. Akahukumiwa kifungo mwaka 2010 akiwa na mimba, siku ya kuzaliwa ya mtoto wake wa kwanza, mtoto anatimiza miaka kumi.

Hukumu yake ilifutwa 2021. Kwa jumla waliotiwa hatiani kwa sababu ya ule mfumo ni zaidi ya 900, na ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 2024 ya kuwasafisha kwa mkupuo, maana kupitia faili moja moja wangekufa kabla hawajafikiwa, na wengine walishakufa. Kabla ya hapo wenyewe 555 walijikusanya wakaishtaki Posta, wakiongozwa na Alan Bates, na jaji aliyesikiliza alisema mwaka 2019 kwamba msimamo wa Posta kuhusu mfumo wao ni sawa na kuendelea kudai dunia ni bapa.

Ila kilichonichoma mimi zaidi ya hizo namba ni kitu cha kisheria, kidogo tu. Zamani Uingereza ukitaka kutumia ushahidi wa kompyuta kwenye kesi ya jinai ilibidi kwanza uoneshe hiyo kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Mwaka 1999, mwaka ule ule Horizon inaanza kusambazwa, wakapitisha sheria ya kukiondoa hicho kipengele, wakaona kinasumbua. Kuanzia hapo mahakama inachukulia mashine iko sawa mpaka wewe uthibitishe haiko sawa. Wewe mama wa kaunta. Uthibitishe ndani ya mfumo ambao huruhusiwi kuufungua, ambao mafundi wake wanaweza kuingia kwenye hesabu zako wakiwa mbali, jambo ambalo Posta ilikuwa inakana kwamba linawezekana.

Na sisi? Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki na inaelekeza mahakama iangalie kumbukumbu ilitunzwa vipi na inaaminika kiasi gani. Hilo zuri. Lakini na yenyewe inatoa nafasi ya kuchukulia mfumo uko salama kama hakuna ushahidi wa kupinga na kuna kitu cha kuonesha kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri wakati huo. Sio sawa na ya Uingereza, anayeleta ushahidi bado ana kazi ya kufanya. Ila fikiria "ushahidi wa kupinga" wa kijana wa bajaji. Ana nini? Ana simu iliyolowa, imeshakauka, inafanya kazi vizuri tu sasa hivi.

Anayeshika daftari ndo anashinda ugomvi, na daftari la mwenyekiti angalau unaweza kuinama ukalisoma.

Nani aliamua?

Kuna swali lingine ambalo mwenyekiti hakuliuliza. Aliyeamua kumfungia ni nani? Sio kampuni gani. Mtu gani.

Majibu ya kampuni huwa ni kwamba kuna timu inapitia. Madereva wa Uingereza na Ureno waliliamini hilo? Hapana. Wakaenda mahakamani Uholanzi, Amsterdam hiyo hiyo tena, safari hii kwa faida yao kwasababu Uber makao yake ya Ulaya yapo pale. Walikuwa wamefungiwa akaunti kwa tuhuma za udanganyifu, hawakuambiwa udanganyifu gani. Mahakama ya chini 2021 iliikubali hoja ya kampuni kwamba binadamu walihusika. Wakakata rufaa, na Aprili 2023 mahakama ya rufaa ikageuza, ikasema huo mkono wa binadamu unaotajwa haukuonekana kuwa zaidi ya ishara tu.

Ishara tu! Yani mfumo umeshaamua, mtu yupo pale abonyeze "sawa".

Nilifurahi kusoma ile hukumu, kusema ukweli nilisimama nikazunguka chumba. Maana inasema kitu ambacho watu wa kawaida wanakijua bila kuambiwa na jaji, kwamba kusikilizwa ni mtu akae, akusikie, na awe na uwezo wa kubadilisha mawazo yake. Kama hana uwezo wa kubadilisha mawazo, hata awe binadamu mwenye vidole kumi, hujasikilizwa bado.

Na kwetu msingi wa hilo tunao toka zamani. Katiba, ibara ya 13(6)(a): haki na wajibu wa mtu vikihitaji kufanyiwa uamuzi na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na awe na haki ya kukata rufaa. Wanasheria watabishana kama kampuni binafsi ya apu ni "chombo kingine kinachohusika", na nahisi wengi watasema siyo. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo imegusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake na kumuathiri mtu sana, na tume yake ipo. Kenya nao wana kama hiyo kwenye sheria yao ya 2019, kifungu cha 35. Kwaiyo karatasi zipo. Nilimuuliza rafiki yangu wakili kama amewahi kumuona dereva akiingia na hiyo sheria mkononi, akaniuliza kwanza dereva atajuaje kama aliyemfungia ni mashine, maana sheria inamlinda dhidi ya uamuzi wa mashine peke yake na kampuni siku zote itasema kulikuwa na mtu.

Hapo sikuwa na jibu.

Mdogo wangu akanikatalia

Nilikuwa nimeshaanza kuandika hii makala kwa hasira, ile ya "madereva wanaonewa", nikamsomea mdogo wangu wa kike vipande viwili vitatu kwenye simu. Akanyamaza. Afu akasema:

"Dada, kwaiyo unataka na mimi nikakae kwenye hilo benchi?"

Mwaka jana kuna dereva alimshusha nyumbani usiku, kesho yake akaanza kumtumia meseji. Umeamkaje mrembo. Mbona hujibu. Leo nimepita hapo kwenu nikaona taa inawaka. Akaripoti kwenye apu, ndani ya muda mfupi dereva akafungiwa, meseji zikakoma. Hakuulizwa maswali mengi, hakuitwa popote. Na dereva hakuambiwa ni nani aliyemripoti.

"Angesikilizwa," akaniambia, "angejua ni mimi. Na kwangu anapajua. Hiyo haki yake ya kusikilizwa ningeilipa mimi."

Nilikaa na hilo siku nyingi kuliko nilivyokaa na Katiba. Kwasababu ana hoja, tena kubwa, na wote tunajua wanawake wangapi wamepelekwa mbele ya wazee wa mtaa "mkae myamalize" wakatoka pale wamevunjwa moyo mara mbili. Ule uso kwa uso ninaousifia mimi una watu wake wa kuwafaidisha. Kwa mdogo wangu, roboti lisilouliza maswali lilikuwa msaada mkubwa kuliko mwenyekiti yeyote.

Ila nikarudi kwenye ile meseji ya kijana. Nikafikiria yule dereva msumbufu naye alipata meseji gani. Nina uhakika, naweza kuweka rehani simu yangu, ni ile ile. Shughuli zinazokiuka masharti. Uamuzi wa mwisho.

Aliyemnyemelea binti wa watu na aliyelowesha simu wameandikiwa sentensi moja.

Hilo ndo naona baya, na mdogo wangu hapo alikubali. Kumlinda mlalamikaji hakuhitaji kumficha mtuhumiwa kosa lake ni la aina gani. Tukio la usumbufu kwa abiria, unaweza kumwambia ni usumbufu kwa abiria, bila jina, na ukamfunga hapo hapo wakati unachunguza. Safari hewa ni hesabu na ramani, hakuna binti wa kulindwa pale, unamuonesha safari zenyewe anajitetea. Hata maofisini mtu anayetuhumiwa anasimamishwa kupisha uchunguzi, hiyo lugha tunaisikia kwenye taarifa ya habari kila wiki, lakini anaambiwa anachunguzwa kwa lipi na uchunguzi una mwisho. Huku uchunguzi unakwisha kabla hujajua ulianza.

Sio kwamba nachukia kompyuta

Mtu atasema huyu mama anataka turudi kwenye makaratasi. Sitaki. Aliyewahi kufuatilia jalada la kesi likapotea, likapatikana, likapotea tena kila hakimu akihamishwa, hawezi kutaka. Mahakama yetu ina kanuni za kufungua mashauri kwa mtandao toka 2018, za kusikiliza kesi kwa video toka 2021, na mwaka huo huo wa 2021 sheria ikabadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hukumu unazisoma bure TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ukiwa kitandani. Hadi mashine ya kunukuu mwenendo wa kesi imeingia, hakimu asikeshe anaandika kwa mkono huku shahidi akisubiri kalamu imfikie. Nina wasiwasi wangu hapo, nataka nione hiyo mashine inavyomsikia bibi wa Pemba akitoa ushahidi kwa kasi yake, lakini ikikosea kuna hakimu pale anasikia kwa masikio yake, na juu yake kuna rufaa.

Na kuna kesi nyingine ya Kanada ilinituliza. Jimbo la British Columbia wana baraza la kutatua migogoro midogo midogo, lote liko mtandaoni, unafungua dai kwa simu, unajibizana kwa maandishi, hakuna benchi. Abiria mmoja alifiwa na bibi yake, akauliza roboti la kuchati la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya msiba, roboti likamwambia kata tiketi sasa afu utaomba punguzo ndani ya siku 90. Akakata. Kuomba, akaambiwa haipo hiyo, roboti lilikosea. Kwenye baraza kampuni ikajitetea kwa hoja ambayo nimeisoma mara mbili kuhakikisha sijaota: kwamba roboti ni kama mtu mwingine anayejitegemea kisheria na anawajibika kwa maneno yake mwenyewe.

Yani mlalamikiwa ni roboti. Kamtafuteni.

Baraza likakataa Februari 2024. Likasema roboti ni sehemu ya tovuti ya kampuni na kampuni inawajibika kwa kila kilicho kwenye tovuti yake, likaamuru abiria alipwe dola za Kanada 650 na senti zake, na riba na ada juu. Hela ndogo. Lakini abiria hakuhitaji wakili, hakuhitaji nauli, na kampuni kubwa la ndege ilibidi lije lijieleze kwa sababu ya tiketi moja. Tena kwa kompyuta tupu.

Kwaiyo tofauti kati ya lile baraza na ile apu sio kwamba moja ni ya kisasa na nyingine siyo. Zote ni skrini. Tofauti ni kwamba kwenye moja aliyeamua ni mtu wa tatu, jina lake lipo chini ya uamuzi, sababu zake zipo kurasa kadhaa unazisoma, na pande zote mbili zilitakiwa kujitokeza. Kwenye nyingine anayekutuhumu ndo anayekuhukumu ndo anayetunza ushahidi ndo anayepokea rufaa yako.

LATRA wanaweza

Watu husema hizi kampuni ni kubwa, serikali zetu haziziwezi. Sikubali, kwasababu tumeshaona. Mwaka 2022 LATRA, ile mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, waliingia kwenye kamisheni, yani kile kiasi ambacho kampuni inamkata dereva kwenye nauli, wakasema mwisho asilimia 15. Uber wakafunga huduma Aprili mwaka huo, mjini kukawa na kelele, mazungumzo yakaendelea, kamisheni ikapandishwa mpaka 25, na mwanzoni mwa 2023 wakarudi. Unaweza kusema serikali ilirudi nyuma, wengi wa kijiweni wanasema hivyo na kwa maneno makali kuliko haya. Mimi naona kitu kingine pia: mlalamikiwa alijitokeza. Alikuwa na barua, alikuwa na watu wa kukaa mezani, alikuwa na anwani. Kumbe anapatikana akitaka leseni.

Basi hapo hapo kwenye leseni ndo pa kumshika. Ukitaka kufanya biashara ya kuwapa watu safari Tanzania, dereva ukimfungia mwambie aina ya kosa na safari au tarehe inayohusika, muoneshe kumbukumbu kama ni kosa la hesabu na ramani, mpe siku za kujitetea kwa mtu mwenye jina na ofisi hapa nchini, na mtu huyo awe na mamlaka ya kufungua. Anayelalamika kwa usumbufu jina lake lifichwe. Na wakishindwana, awepo wa tatu wa kuamua, iwe mamlaka yenyewe au tume, hata kwa mtandao, hata kwa simu ya kitochi kwa meseji za kawaida.

Najua watakachosema, kwamba madereva ni maelfu na kuweka watu wa kusikiliza ni gharama, hizo bei nafuu mnazozipenda zitapanda. Zinaweza kupanda, sikatai. Lakini gharama hiyo haijaanzia hapo, ipo tayari na kuna mtu anailipa, ni yule aliyebaki na mkataba wa bajaji, tajiri anapiga simu saa 12 jioni kuulizia hesabu, na ndani ya apu kuna jibu moja tu la samahani kwa usumbufu. Kamisheni ya asilimia 15 iliwafanya wafunge virago kwasababu iligusa mapato. Kuandika sababu za uamuzi wako kwa mistari mitatu na kuweka mtu wa kuzijibia, nataka kuiona kampuni itakayoondoka kwa hilo, na nataka kusikia itasema inaondoka kwa sababu gani.